Mkebe Nilioufukiza

Kundi letu la wakusanyaji wa filamu za milimita nane lina watu tisa. Wanane wako Nairobi, Mombasa na Nakuru, na wa tisa ni mimi, peke yangu huku Garissa. Hatujawahi kukutana ana kwa ana, tunajuana kwenye simu tu. Juzi mmoja wetu aliuliza: tukishaondoka sisi, mikanda hii itakuwa ya nani? Taa ya projekta ikiungua hupati nyingine, mafundi wamekufa, na watoto wetu wanaona tunatunza takataka. Wenzangu walijibu kwa kurasa nzima. Mmoja aliapa kwamba filamu ikishaingizwa kwenye kompyuta imekufa, na anayefanya hivyo ni muuaji. Zamani maneno hayo ningeyaandika mimi, tena kwa ukali zaidi, maana nilikuwa mwalimu miaka mingi na sijui kubishana kwa upole. Safari hii nilisoma nikanyamaza. Nilikuwa nakumbuka mkebe mmoja.

Mkebe huo ulikuwa kwenye sanduku la marehemu afisa wa mifugo aliyefanya kazi pande zetu nilipokuwa mtoto. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kamera ndogo aliyoining'iniza shingoni hata akichanja ng'ombe. Binti yake alisikia kwamba kuna mwalimu mstaafu Garissa anayepokea vitu kama hivyo, akaniletea sanduku lote, mikanda kumi na mmoja. Mkanda mmoja huchukua dakika tatu na kitu, na hauna sauti. Nilifunga madirisha, nikatundika shuka ukutani, nikawasha projekta niliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu.

Kwenye mkanda wa nne nilijiona. Nilikuwa na miaka kama kumi, nimesimama kando ya boma la ng'ombe pale Kotile, kijijini kwetu, nimevaa gauni la buluu lililochanika begani, nacheka na mkono uko mdomoni. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nikaurudisha mkanda, nikajitazama tena. Mara ya tatu ndipo nilipomwona mtoto aliyepita mbele yangu amebeba mwanambuzi, akasimama, akaitazama kamera, kisha akaondoka. Alikuwa binti wa mama yangu mdogo. Surua ilimchukua mwaka uleule, hajafika hata umri wa kwenda madrasa. Hakuna picha yake nyingine duniani.

Kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana kwa neno moja, habaryar, kila mmoja akimwita mwenzake hivyo. Nilimpigia mama mdogo simu huko Kotile jioni ileile.

"Habaryar, nimempata mtoto wako," nikasema. "Anatembea."

Nilisikia akimtoa mtu chumbani na kufunga mlango. Kisha akasema, "Nitumie."

"Haitumiki. Hii ni filamu. Nitakuja na mashine, nitundike shuka, umwone mkubwa ukutani."

"Wajukuu wana simu kubwa. Irekodi na simu yako pale ukutani, unitumie."

"Macho yako yamechoka, habaryar. Kwenye simu utaona nini?"

"Nitaisogeza karibu," akasema.

Nilimwambia asubiri. Binti yangu, anayefanya kazi Nairobi, naye aliniomba: "Mama, nipe nipeleke, kuna mtu anaziskani vizuri, ni wiki moja tu." Nikamjibu kwamba filamu ikiingia kwenye simu inaangaliwa mara moja, halafu inafuatwa na video ya paka anayecheza. Nilijisikia msomi kweli. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa mimi nitakayeshuka Kotile na mashine, watu wamekusanyika, na mama mdogo analia ameshika mkono wangu. Nilikuwa nimeshaiona siku hiyo kichwani, na sikutaka kuigawana na simu ya mtu.

Ikaja mvua, barabara ya Kotile ikakatika. Ikaja Ramadhani. Ikaja harusi ya jirani, kisha ugonjwa wangu wa mgongo. Mama mdogo alipiga kila Ijumaa baada ya sala, ananisalimu, anauliza mgongo, anauliza mifugo ambayo sina, na mwisho kabisa anauliza, "Yule msichana hajambo?" Nami najibu hajambo, yuko kwenye mkebe wake, nakuja naye inshallah.

Nyumba yangu ni ya mabati na joto la Garissa mnalijua. Siku moja nilifungua mkebe wa mkanda wa nne nikapigwa na harufu ya siki, ile mingine kumi haikunuka. Kwenye kundi walikuwa wamewahi kusema harufu hiyo ni ya filamu inayoanza kuoza, lakini sikuuliza mtu. Niliona aibu, mimi niliyekuwa nawafokea wenzangu kuhusu utunzaji. Nikafanya nilichokijua kutoka utotoni.

Chombo cha maziwa kikianza kunuka uchachu, mwanamke wa kwetu hakitupi. Anachukua makaa ya mti mzuri, anakifukiza ndani mpaka moshi ukolee kwenye kuta zake, kisha anakifunga kifuniko upesi moshi usitoke. Maziwa yanayotiwa humo yanakaa siku nyingi na yanakuwa matamu. Kazi hiyo nilifundishwa na huyuhuyu mama mdogo, na alikuwa akinisifu kwamba mkono wangu una baraka. Basi niliwasha dabqaad, kile chetezo chetu cha udongo, nikatia makaa na ubani kidogo, nikauinamisha mkebe juu yake mpaka ukajaa moshi na vidole vikaniungua. Nikarudisha mkanda ndani, mkebe ungali moto. Nikafunga, nikazungushia utepe wa gundi mara tatu. Nilipounusa kwa nje, ulinukia kama nyumba ya bibi harusi. Nilifurahi sana.

Filamu inayonuka siki inataka hewa na ubaridi. Mimi niliipa moto, nikaifungia ndani na siki yake. Hayo niliyajua baadaye, mtu mmoja kwenye kundi alipoeleza jambo hilo kwa mwingine, nami nikasoma kana kwamba halinihusu.

Nilifika Kotile miezi minane baada ya ile simu ya kwanza. Wanawake walijaa chumbani kwa mama mdogo baada ya sala ya alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, kama vile nilivyokuwa nimepanga kichwani. Yeye alikalishwa mbele kabisa. Alikuwa amejipaka hina mikononi. Nilikata utepe, nikafungua mkebe, na kabla sijaona kitu nikajua kwa pua. Mkanda ulikuwa umejikunja na kushikana, tabaka juu ya tabaka. Mwanzo wake nilifaulu kuuingiza kwenye mashine kwa nguvu. Ukutani zilipita pembe za ng'ombe, vumbi, mguu wa mtu, kisha mashine ikakwama, taa ikauunguza mkanda, na doa la kahawia likatanuka kwenye shuka mpaka likawa jeupe. Nilizima. Mtu mmoja akafungua dirisha.

Wageni walipoondoka nilimweleza mama mdogo kila kitu, siki, ubani, makaa, utepe wa gundi. Nilimwambia kosa ni langu, na kwamba binti yangu alitaka kuipeleka filamu Nairobi nikakataa. Alisikiliza akiwa ameukumbatia ule mkebe mapajani.

"Lakini wewe ulimwona," akasema.

"Nilimwona."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Basi niambie."

Nikamwambia juu ya mwanambuzi, jinsi alivyombeba kwa kumkaba kifuani, na jinsi alivyosimama.

"Alivaa nini?"

Filamu ilikuwa ya rangi. Gauni langu la buluu nililijua mpaka uzi, na bega lililochanika, na meno yangu. Nilikuwa nimeutazama mkanda ule jioni nyingi, na kila mara nilikuwa najitazama mimi. Yeye alikuwa akipita tu mbele yangu.

"Nyekundu," nikasema. "Nguo nyekundu."

Mama mdogo aliinamisha kichwa. "Hatukuwa na nguo nyekundu, habaryar," akasema polepole. "Alikuwa na moja tu, ya kijani, niliyoikata kwenye shuka yangu." Kisha akanimiminia chai.

Nilirudi Garissa nikampa binti yangu sanduku zima. Mkanda wa nne yule mtu wa Nairobi alishindwa hata kuufungua. Ile mingine kumi ilitoka vizuri, na binti yangu aliituma yote kwenye simu ya Kotile na kwenye yangu. Mjukuu wa mama mdogo ananiambia bibi anaitazama kila siku, simu karibu iguse pua, hataki wamsogezee mbali. Ijumaa baada ya sala mama mdogo bado ananipigia. Ananisalimu, anauliza mgongo, na mwisho kabisa ananiuliza kama mtoto fulani aliyemwona ndiye: yule mdogo nyuma ya fahali, yule anayekimbia kando ya josho, yule aliyegeuza uso. Naufungua kwenye simu yangu mkanda anaousema, natazama mpaka macho yaniume. Kila mara ningeweza kusema ndiyo, na angefurahi.

"Hapana, habaryar," namwambia. "Si yeye."