Siku Vero Alipomuua Ta Yustus

Kule Chonyonyo kuna binti anaitwa Vero, mtoto wa Kamugisha, aliyekuwa na ugonjwa wa kuanza. Wengine wana pumu, wengine wana vidonda vya tumbo. Yeye alikuwa anaanza hadithi. Aliziandika kwenye simu mpaka simu ikawa nzito, akiitia mfukoni anatembea kaegemea upande mmoja kama baiskeli iliyobebeshwa mkungu mmoja tu. Za mapenzi zilikuwemo, za majini zilikuwemo, na ya mpelelezi mwenye jicho la kioo. Zote zilianza vizuri. Hakuna hata moja iliyofika mwisho. Zikifika katikati zinalala chini kama ng'ombe aliyechoka njiani, hata umvute mkia hanyanyuki.

Simu yenyewe alinunuliwa na baba yake msimu wa kahawa. Siku moja Kamugisha akamwita.

"Nilikununulia simu utafutie kazi. Wewe unaniandikia watu wasiokuwepo. Haya, sikatai. Lakini hii hadithi unayoandika sasa, imalize. Ikifia njiani kama wenzake, simu inarudi kwangu, na mambo ya hadithi basi."

Kamugisha akisema basi, ni basi. Aliwahi kumwambia basi jino lililokuwa linamsumbua, likang'oka lenyewe likaondoka.

Vero akaanza kukosa usingizi. Na hadithi yenyewe ilikuwa haitembei. Mhusika wake mkuu aliitwa Jonathan, anaishi kwenye nyumba ya vioo, theluji inamwagika mlangoni. Msomaji alikuwa mmoja tu, rafiki yake Joanitha, aliyekuwa anatoa fotokopi kwenye duka moja kule Rubwera. Joanitha akampigia simu.

"Dada, huyo Jonathan wako simwoni. Anakula nini? Anakohoaje? Na hiyo theluji umeiona wapi wewe, kwenye friji ya dukani kwa Mwanamisi?"

"Sasa niandike nini?"

"Andika watu unaowajua."

Vero ni mtu ambaye ukimwambia atie chumvi anamwaga gunia. Alimfukuza Jonathan na theluji yake siku hiyo hiyo, akamchukua jirani yao Ta Yustus, akamtia kwenye hadithi mzima mzima. Ta ndivyo wanavyoitwa kule wanaume wa heshima, kama kusema baba. Huyu alikuwa mjane anayeishi peke yake na mbuzi mmoja mwizi. Vero hakubadilisha hata jina. Aliiweka kofia yake yenye tundu, akauweka mwendo wake wa kutupa mguu, akakiweka na kile kikohozi kinachoamsha majogoo. Hadithi ikatembea! Ilikimbia, Vero nyuma akiifukuza kwa vidole. Halafu ikafika katikati, ikalala.

Basi akafanya kile wanachofanya waandishi wote wachanga wakikwama: akaua mtu.

Alimuua kwa kile kikohozi, lakini alimuua vizuri. Aliandika: *Ta Yustus aliomba kahawa ya kutafuna, akacheka kidogo, akajinyoosha taratibu kama mgomba uliokatwa usiotaka kuanguka.* Akamtumia Joanitha, akalala.

Joanitha alilia mpaka fotokopi za watu zikalowa. Akakikata kile kipande cha mwisho, akakituma Chonyonyo kwa shangazi yake: "Soma hii, shangazi, imeniliza." Shangazi akasoma, hakuuliza, akakirusha kwenye kundi la Watsapu la chama cha kuzikana. Na chama cha kuzikana cha Chonyonyo hakina mchezo. Habari ikiingia kwenye simu, sufuria ziko kichwani tayari.

Asubuhi Vero yuko jikoni anamenya ndizi, mama yake Edith akatoka ndani amejifunga kitenge kiunoni, macho mekundu.

"Vero mwanangu. Ta Yustus katutoka."

Kisu kikamponyoka. Alilia kwa uchungu wa kweli, maana Ta Yustus ndiye aliyemfundisha kupanda baiskeli. "Lini, mama?"

"Usiku huu. Wanasema aliomba kahawa ya kutafuna, akacheka kidogo," Edith akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, "akajinyoosha taratibu kama mgomba uliokatwa usiotaka kuanguka."

Kilio cha Vero kikakatika. Akahisi baridi mgongoni. Na chini ya ile baridi, Mungu amsamehe, akahisi kitu kingine kinapanda kama maziwa yanayochemka: sentensi yake imemliza mama yake mzazi.

"Mama, subiri..."

Mama alishafika barabarani na mkungu wa ndizi kichwani.

Kwa Ta Yustus pamejaa. Mlango una kufuli. Jana yake alikuwa ameenda Rugu kumwona shemeji yake, simu yake imezima chaji kama kawaida, kwa hiyo watu wakaamua wenyewe kwamba amefia huko na mwili uko njiani. Wanaume walikuwa kibanjani, kwenye shamba lake la migomba, wanachimba. Wanawake wametandika majani ya migomba, wamekaa. Mbele ya wote amekaa Ma Auleria, mjane wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa hasalimiani na Ta Yustus kwa sababu yule mbuzi alikuwa anamtafunia migomba. Wameshawahi kupelekana mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, mbuzi naye akaenda, akala faili.

Vero akajibanza pembeni atafute pa kuanzia kusema. Wanawake wanasimuliana.

"Aliomba maji, masikini."

"Maji? Mimi nimeambiwa uji."

"Uji wa ulezi. Akapiga ukelele, akaanguka puu! kama gunia la maharage."

Vero angeweza kuvumilia yote, kaburi, kilio, sufuria. Hilo la gunia alishindwa.

"Hakuanguka puu!" alisema kwa sauti. "Alijinyoosha taratibu! Na aliomba kahawa, si uji! Mbona mnaiharibu?"

Ma Auleria akageuka polepole.

"We binti. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu..." Vero akawatazama wanaochimba. "Kwa sababu nimemuua mimi."

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika Rwanda. Vero anapiga kelele kuliko wote, "Kwenye simu! Kwenye hadithi!", hakuna anayemsikia, ameshashikwa mikono, mama yake ameshakaa chini. Ndipo bodaboda ikaingia uani, na nyuma ya dereva kakaa Ta Yustus, kapakata kuku.

Akashuka. Akawatazama. Mwanamisi mwenye duka akasoma dua ya wafu na kujificha nyuma ya sufuria. Hakuna aliyepumua, ila Vero, ambaye malezi yake ni mazuri.

"Shikamoo, Ta Yustus."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Akatazama kibanjani, akamwona mwenyekiti wa chama, Lameck, ndani ya shimo mpaka kifuani.

"Lameck! Nani kakutuma uchimbe choo kwenye migomba yangu?"

"Si choo, Ta. Ni kaburi."

"La nani?"

"La kwako."

Ta Yustus akasogea, akachungulia shimo kwa makini. "Fupi," akasema.

Mambo yote yalipoelezwa, Lameck akapanda kutoka shimoni na hasira zake. Chama kimedhalilishwa, akasema, na huyu mtoto asiandike tena hata jina lake. Kamugisha alinyoosha mkono, simu ikaingia kwenye mfuko wa koti.

"Nilikwambia umalize hadithi. Sikukwambia umalize watu."

Vero alihisi kama aliyechimbiwa ni yeye.

"Ngojeni kwanza," akasema Ta Yustus, amekaa kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili ya padri. "Nisomewe."

Simu ikatolewa, Vero akasoma. Kwenye mwendo wa kutupa mguu watu walicheka, Ta Yustus akacheka kuliko wote. Kwenye kifo akaacha.

"Kikohozi? Mimi nife kwa kikohozi kama kifaranga? Mimi niliyepigana na chui?"

"Alikuwa paka wangu," akasema Ma Auleria.

"Kulikuwa na giza! Haya, inaishaje?"

"Bado haijaisha, Ta."

"Nimechimbiwa shimo na haijaisha?"

Kamugisha akairudisha simu mfukoni. "Mwisho wake aumalize hapa hapa, mbele ya mliosumbuliwa. Akishindwa, basi."

Ee! Hapo ndipo Vero alipojua ushauri ni nini. Kila mtu alikuwa nao. Mwanamisi akataka harusi, maana hadithi bila harusi ni pilau bila nyama. Edith akataka funzo, vijana waache rubisi, ile pombe ya ndizi. Lameck akasema mwenyekiti wa chama atoe hotuba, tena ndefu. Ta Yustus akataka afufuke na amiliki lori. Vero, aliyetaka kumridhisha kila mmoja, akatia vyote.

"Basi Ta Yustus akafufuka, akanunua lori, akaoa, mwenyekiti akahutubia, vijana wakaacha rubisi, halafu lori..."

Mama mmoja akapiga miayo hadi taya likalia. Wengine wakainuka kutazama vyungu. Hata Ta Yustus alianza kumchunguza kuku wake. Vero akanyamaza, akageuza uso asionekane anavyotaka kulia.

Huko alikogeuka, nyuma ya nyumba, akamwona Ma Auleria. Alikuwa ameondoka bila kuonekana, amechuchumaa mbele ya yule mbuzi, anamlisha maganda ya ndizi kutoka kwenye kanga yake na kumtukana kwa sauti ya chini. "Kula, jambazi wee. Kula, siku zote utakuwa mwizi."

Vero akageuka kwa watu. Akavuta pumzi.

"Nilikuja nikaona!"

Hivyo ndivyo wazee wa kule wanavyofungua hadithi, na kuna jibu lake ambalo mtoto analinyonya na maziwa. Midomo ilijibu kabla vichwa havijaamua.

"Ona tuone!"

Na ukishajibu umejifunga. Huruhusiwi kudakia mpaka msimuliaji amalize. Lameck alibaki na kidole juu na mdomo wazi.

"Nilikuja nikaona mzee amekufa," akasema Vero. "Watu walilia kwa sauti. Mwanamke mmoja hakulia. Alikuwa na ugomvi na marehemu, mbuzi wa marehemu alikuwa anamlia migomba. Walipozika, watu wakaenda kula. Yule mwanamke akaenda nyuma ya nyumba, akamkuta mbuzi amesahauliwa kwenye kamba tangu asubuhi. Akamfungua. Akamwongoza mpaka kibanjani kwake mwenyewe, akamwachia. Akakaa chini, akamtazama anavyoila migomba, mmoja baada ya mwingine. Imekwisha."

Hakuna aliyeondoka. Chungu kimoja kikaanza kuungua na hakuna aliyekifuata. Ma Auleria alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kanga imejaa maganda.

"Mimi siwezi kumwachia mbuzi wa mtu ale migomba yangu!"

"Sijakutaja, Ma Auleria."

"Umenitaja!" Akapenga kamasi.

Ta Yustus akamgeukia. "Kumbe ulilia?"

"Moshi huu."

Kamugisha alikohoa, akatazama migomba, akatazama mawingu. Kusifu hakumo kwenye ukoo wao. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa simu, akaifuta kioo kwa mkono wa shati.

"Shika. Andika kabla hujasahau."

Chakula kikapakuliwa, kwa kuwa kilishapikwa na hakuna mtu anayerudi nyumbani na msiba mbichi. Vero alikaa juu ya gogo, dole gumba linakimbia kwenye kioo, sahani inapoa. Ta Yustus akasogeza kiti chake karibu, mkono una paja la kuku, akachungulia begani kwake.

"Hapo andika watu walijaa mpaka barabarani. Na askofu alikuja. Andika askofu, mwanangu, askofu haumizi."

Vero hakuinua macho.

"Samahani, Ta Yustus. Wewe umeshakufa."