Dada Alikata, Mimi Nilishona

Tulikuwa mapacha, na kazi tuligawana tangu utotoni: dada yangu alikata nguo, mimi nilishona. Alitumia mkono wa kushoto, na mkasi aliushika kama mtu aliyebeba kifaranga. Mwaka jana malaria ilimchukua. Tangu hapo sikukata hata kitambaa cha meza.

Basi mama mmoja mwenye atelye ya kushona mjini akasema atanipa nafasi, ila nimletee gauni nililolikata na kulishona mwenyewe. "Mwenyewe," alirudia, maana alitufahamu. Alinipa wiki mbili. Wiki hiyohiyo mama yangu akaenda Kajaga kumuuguza mama yake, nikabaki peke yangu nyumbani kwetu Musaga.

Siku ya kwanza nilifurahi, sisemi uongo. Niliimba, nikajipikia ndizi na mboga za lengalenga, nikajiona tayari nina duka langu lenye kioo kikubwa mbele. Siku ya tatu nyumba ikaanza kunyamaza vibaya. Mchana, jua kali, nasikia mkasi unakata kwenye chumba cha pili: krr, krr, halafu kimya. Naingia, hakuna mtu. Kitenge cha gauni kiko mezani, hakijaguswa. Nikawa nakaa ukingoni mwa benchi ili dada apate nafasi.

Jirani alileta maharage. Alisimama mlangoni.

"We, unaongeaka na nani humo ndani?"

"Na mutu."

"Mutu gani, na mama yako hayuko? Ni kijana?"

"Apana, mama."

"Angekuwa kijana ningelala vizuri," alisema akicheka, lakini kizingiti hakukivuka.

Siku ya nane nilisema kwa sauti: dada, njoo basi ukate. Nikashika mkasi kwa mkono wa kushoto, nikafumba macho, nikingoja mkono wake uingie katika wangu. Mkasi ulikwenda mpaka katikati ya kifua cha gauni, ukapinda, ukala kitenge.

Nilikaa sakafuni nikalia mpaka pua ikaziba. Nikiwa pale chini ndipo nilipokumbuka kitu. Dada hakuwahi kukata kabla hajaniuliza. Aliweka ncha ya mkasi kwenye kitambaa, akasema, "Hapa?" Nikiitika, anakata. Nikikataa, anasogeza. Kumbe miaka yote jicho lilikuwa langu. Nyumba ilipokuwa na watu sikuliona hilo, tulikuwa tunacheka tu.

Nikauhamishia mkasi mkono wa kulia. Kitenge kilichobaki hakikutosha gauni refu, basi nikapanga fupi, lenye mshono kifuani pale nilipoharibu. Kila mstari nilisikia, "Hapa?" Siwezi kuapa kwamba nilikuwa najiuliza mwenyewe. Nilijibu, "Hapo," nikakata.

Mama wa atelye aliligeuza gauni ndani nje, akaweka kidole kwenye ule mshono wa kifuani.

"Hii nini?"

"Nilikosea, mama."

"Na nani alikukatia?"

Wasichana wa kwenye mashini wakainua vichwa.

"Mi," nikasema.

"Jumatatu asubuhi. Ukichelewa, rudi kwenu ukalale."

Nilitoka nikiwa na furaha ya kuruka. Nilipofika barabarani machozi yakanitoka, maana kwa neno lile moja nilikuwa nimemuachisha dada yangu kazi.