Mwanzi wa Amos Hobday

Miaka arobaini na moja tumepakana ukuta hapa Bethnal Green, na sikuwahi kumwona Winifred Hobday akiogopa kitu. Aliwahi kumfukuza mwizi kwa kikaango, akarudi kukaanga mayai. Kisha televisheni ikaleta ile tamthilia ya mauaji ya enzi za Malkia Victoria, na muuaji wao wakamfanya babu mzaa babu yake Winifred. Amos Hobday, jina kamili, mtaa wetu huu huu.

Amos alikuwa mwamshaji. Siku zile saa ya kengele ilikuwa ya wenye nacho, kwa hiyo vibarua wa bandarini walimlipa apite alfajiri na mwanzi mrefu, awagongee madirisha ya juu. Kwenye tamthilia mwanzi una kulabu ya chuma, unavunja vioo na kunasa wanawake. Upuuzi mtupu! Mwanzi wenyewe umetundikwa ngazini kwa Winifred: mwembamba, nchani una nyuzi laini za waya, maana mwamshaji akivunja kioo cha mtu hana kazi tena. Na mwaka wa mauaji hayo Amos alikuwa hospitali, hawezi hata kusimama. Karatasi zake zipo. Winifred aliwaandikia wenye tamthilia. Wakamjibu kwamba hiyo ni burudani tu.

Wiki ya pili watu wakaanza kuja. Mchana kweupe, na mianzi ya kuvulia samaki, wanagonga dirisha la chumba chake cha juu na kucheka. Mmoja akaandika “muuaji” mlangoni kwa rangi nyekundu. Winifred akaacha kula. Hata vifungo vya gauni nikawa namfungia mimi. Mimi mwenyewe niliogopa, sioni haya kusema.

Jumapili tulikuwa jikoni kwake tukasikia juu: ta, ta, ta.

“Usiende, shoga,” nikamwambia. “Watachoka wenyewe.”

“Hawachoki, Beryl. Mwamshaji haondoki mpaka utoe uso dirishani. Ukishatoa, anakwenda zake. Ndivyo tulivyolelewa kwetu.”

“Kwenu! Hao wapuuzi wanajua nini cha wamshaji?”

“Basi waone na mwanzi, waone hauna kulabu. Niache.”

Akapanda, nami nyuma yake. Akafungua dirisha, akatoa uso, akauinua mwanzi.

“Nimeamka!” akapaza sauti, nayo inatetemeka. “Haya, nendeni kazini!”

Chini msichana mmoja akasema, “Mama yangu wee, anao kweli!” Simu zote zikainuliwa.

Kufika jioni picha ilikuwa imeenea kote: Winifred, macho yamemtoka kwa hofu, na mwanzi mkononi. Ile ncha ya nyuzi walikuwa wameikata pichani, isionekane. Kesho yake walikuja zaidi ya mia.

Sasa analala kwangu, kwenye kistoo cha nyuma kisicho na dirisha. Kila asubuhi ananiuliza kwa sauti ndogo kama wameshaondoka. Namwambia wameondoka, huku ng'ambo ya ukuta nawasikia wakigonga.