Ngoto ya Nyumba ya Chini

Shadia Kobero amezaliwa Kinole, kule juu milimani, na ukitaka kumuudhi mwambie yeye ni mtu wa mjini. Alishuka Morogoro akiwa mke wa mtu, mume akafariki mapema, na tangu hapo amewalea wanawe wawili kwa mchele wa Dakawa, anaonunua kwa gunia na kupima kwa kilo. Ni mfupi, ana sauti ya kupasua na mkono mwepesi wa kutoa. Nasema haya mapema kwa sababu siku hizi ukimtaja mtaani kwetu watu wanabinua midomo, na wanaobinua zaidi ni wale wale waliokula mchele wake kwa mkopo.

Tunakaa jengo moja, barabara ya kwenda Bigwa, lililojengwa na marehemu mzee Hamza enzi ambazo ghorofa ilikuwa bado kitu cha kushangaza. Mimi Yunusi, fundi friji, niko ghorofa ya kwanza. Shadia alikuwa chini, nyumba inayotazama barabara. Juu kabisa, ghorofa ya tatu, alikaa Mwalimu Dominiko Haule, mtu wa Songea, aliyefundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu. Mkewe alishafariki, na mwanawe Jackson anafanya kazi Mwanza.

Mwalimu akapata kiharusi, mguu wa kushoto ukagoma. Ngazi zikawa adhabu. Siku moja Shadia alimkuta amekaa katikati ya ngazi, mkate kwapani, hawezi kupanda wala kushuka. Hakufikiri mara mbili.

"Mwalimu, shuka ukae kwangu," alimwambia. "Mimi nitapanda kwako, mpaka mguu upone."

Jumamosi moja tukahamisha vyombo, vya chini vikaenda juu, vya juu vikaja chini. Mzee Hamza alipoambiwa alicheka tu. "Ninyi wenyewe mnajuana," alisema. "Kodi ije." Mikataba ikabaki kama ilivyokuwa, ya chini kwa jina la Shadia, ya juu kwa jina la Mwalimu, na hakuna aliyeona tatizo.

Krismasi iliyofuata Mwalimu alimpelekea Shadia jogoo. Shadia akacheka sana, akamweleza mbele yangu.

"Kwetu milimani ardhi ni ya ukoo, Mwalimu, tena ukoo wa mama. Mgeni akipewa pa kulima, kila mwaka analeta kitu kidogo, kuku au kikapu cha mahindi, kuonyesha anajua kwamba shamba si lake. Tunaita ngoto. Basi leo umenilipa ngoto!"

Tukacheka wote watatu. Krismasi nyingine jogoo akaja tena, na nyingine tena. Miaka ikaenda, mguu haukupona, na magunia ya Shadia yakawa yanapanda na kushuka ngazi kila siku ya Mungu.

Mzee Hamza akafariki. Warithi wake wakaamua kuligawa jengo, kila nyumba iwe na hati yake na iuzwe peke yake. Wangefurahi kutufukuza wote kwanza. Tukaenda Baraza la Ardhi, tukavutana nao muda mrefu, mwishowe tukapatana kwamba kila mpangaji mwenye mkataba auziwe nyumba yake kabla ya mtu wa nje, alipe kidogo kidogo. Tulishangilia kama watu waliofunga goli. Shangwe ilipotulia ndipo mtu akauliza kuhusu Shadia na Mwalimu. Nyumba ya mtu ni ile anayolala, au ile iliyo kwenye mkataba?

Roho ya Shadia ilikuwa kwenye nyumba ya chini. Toboa ukuta wa mbele, weka mlango wa chuma, unalo duka. Miaka yote aliuza mchele kwenye meza kando ya barabara, na mvua za milimani zikishuka alikimbizana na turubai. Akasema wazi kwamba anataka yake, ya chini. Jackson ndiye aliyekuja kutoka Mwanza, akaweka wakili na kulipeleka shauri barazani kwa jina la baba yake.

Nilimkasirikia Shadia, sifichi. Nilimfuata juu nikamuuliza mzee wa watu aende wapi na mguu ule.

"Nani kasema aende?" alinijia juu. "Nataka chumba cha mbele tu, kiwe duka. Nyuma akae mpaka Mungu amchukue."

"Umemwambia?"

"Mwanawe haniruhusu hata nimsogelee!"

Nilimwamini. Mpaka leo namwamini.

Siku ya shauri niliitwa kuwa shahidi, nikasema nilichokiona, maana yake sikumsaidia yeyote. Wakili wa Mwalimu alishikilia kwamba mteja wake alipewa nyumba ile moja kwa moja, ndiyo maana akakaa miaka yote bila kuulizwa. Shadia akasimama, akaeleza habari ya ngoto. Wakili akatabasamu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, huyo ni kuku wa sikukuu. Jirani kampa jirani. Mteja wangu ni mtu wa Songea, mila za Waluguru atazijulia wapi?"

Niliona Mwenyekiti akitikisa kichwa kukubali, na kusema kweli ilikuwa hoja nzuri. Akamgeukia Mwalimu, aliyeruhusiwa kujibu akiwa amekaa.

"Mwalimu, ulipokuwa unapeleka kuku, ulijua maana yake?"

Alitakiwa kusema hapana. Neno moja tu, na nyumba ingekuwa yake. Jackson alikuwa amemkodolea macho.

"Mwaka wa kwanza sikujua," alisema Mwalimu. "Akanieleza. Miaka iliyofuata yote nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba nyumba ni yake."

Wakili akaanza kupanga karatasi zake. Shadia, aliyekuwa ameshinda, aliinamisha uso kwenye mtandio akalia mbele ya watu.

Uamuzi ulipotoka, mkataba ufuatwe, alimkimbilia Mwalimu nje pale uwanjani. "Usihame, Mwalimu. Nakuomba. Mimi nachukua chumba cha mbele tu."

"Hapana, Shadia," alimjibu kwa upole. "Ulinipa mpaka mguu upone. Daktari alishaniambia zamani kwamba hautapona. Mimi ndiye niliyechelewa kuhama."

Jackson, kwa hasira, alimnunulia baba yake nyumba ya juu. Vijana wanne wakambeba kwenye kiti mpaka ghorofa ya tatu, na tangu siku hiyo hajashuka.

Duka la Shadia limekaa vizuri, limepakwa rangi ya kijani, na wateja hawakosi. Kila adhuhuri analifunga, anapanda juu na sahani ya wali. Mwalimu anapokea, anashukuru, anamuuliza biashara inaendaje. Akisikia inaenda vizuri anafurahi, na si furaha ya kuigiza, nimemwona kwa macho yangu.

Juzi nilifungua mlango nikamkuta Shadia amekaa kwenye ngazi, sahani tupu mapajani, macho mekundu.

"Vipi, kakusema?" nilimuuliza.

"Hajanisema. Hajawahi kunisema." Alijifuta uso kwa kiganja. "Angenitukana hata mara moja, Yunusi, ningepumzika."

Akainuka, akashuka kwenda kufungua duka.