Nozo ya Tatu na Jiko la Mama Mkwe

Mjomba wangu aliniagiza jambo moja tu: ninyamaze. Yeye ndiye aliyekuwa jagam wangu, mshenga wa kuniombea mke, na kwetu Wajaluo siku ya posa mshenga ndiye mdomo. Mposaji mwenyewe anakaa, anatazama vidole vya miguu yake, anakula akiambiwa ale. Kazi rahisi hiyo. Mtoto wa miaka mitatu angeiweza.

Mimi nilikuwa fundi wa dizeli Awendo, miaka ya tisini mwanzoni, naamka na matrekta ya miwa na kulala nayo. Msichana alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwao ni Rangwe. Nilimpenda, nisifiche. Miaka miwili nilimfuata mpaka akakubali nilete wazee. Basi tukaenda, mjomba, wazee wawili, na mimi ndani ya suti ya kuazima.

Tumeketi sebuleni, mjomba ndiyo kwanza anazungukazunguka na maneno yake ya undugu na ng'ombe, nje kukawashwa pikap. Ilikuwa ya mzee mwenyewe, baba wa msichana, ya kupelekea mahindi Homa Bay. Ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko, na moshi mweusi ukaingia dirishani. Mzee akatuomba radhi. Akasema ameita fundi kutoka Homa Bay, naye amemwambia ring za pistoni zimekwisha, injini yote inafunguliwa leo.

Ring gani? Injini iliyokwisha ring haigongi hivyo. Ile ilikuwa nozo, kile kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda, na nilishajua kabla mzee hajamaliza kusema. Mjomba aliona goti langu linatikisika. Akanikanyaga mguu.

Nilivumilia kadiri ya kikombe kimoja cha chai. Kisha injini ikazimwa, nikasikia nyundo. Jamaa alikuwa ameanza kufungua injini ya dizeli kwa nyundo. Nikajiambia, huyu ni baba mkwe wako, ukimwacha aliwe na mwongo utakuwa mkwe wa aina gani? Ona mtu anavyoweza kukivika kiherehere chake nguo ya upendo. Nikavua koti, nikatoka.

Sikumtukana yule fundi. Nilimwomba tu spana namba kumi na saba, nikamwambia awashe. Namna ya kuijua nozo mbovu ni moja: injini ikinguruma, unalegeza nati ya bomba la dizeli la kila nozo, moja baada ya nyingine. Ukigusa nozo nzima, injini inayumba. Nikalegeza ya kwanza, ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, kule kugonga kukakoma na injini isipoteze chochote. Wazee walikuwa wameshasimama mlangoni wakitazama. Nikaitoa nozo, nikaifunga tena kwenye bomba lake ikielekea nje, nikawaondoa watu mbele yake, starta ikapigwa. Badala ya kutoa ukungu, ikatoa mkojo wa mbuzi. Hata fundi wa Homa Bay aliangalia pembeni.

Sindano yake ilikuwa imekwama kwa masizi. Nikaiosha kwa dizeli safi mpaka ikateleza. Mpaka hapo, mjomba aliniambia baadaye, mzee alikuwa anatabasamu. Lakini chini ya nozo kunakaa washa, kipete kidogo cha shaba, na ikishabanwa mara moja haizibi tena mpaka uipashe moto iwe nyekundu, ilainike. Mpya ilikuwa Homa Bay. Moto ulikuwa hatua kumi kutoka niliposimama.

Nikaingia jikoni kwa mama mkwe.

Naandika haya na masikio yananiwaka. Siku zile mkwe hata mkono hampi mama mkwe. Akikutana naye njiani anampisha mbali. Mimi niliingia na mikono ya dizeli, nikachuchumaa kwenye mafiga yake, nikasogeza chungu cha kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu, nikaweka washa kwenye makaa. "Samahani mama, dakika mbili tu." Akajifunika uso kwa leso, akatoka kwa mlango wa nyuma. Niliona aibu? Wapi. Nilikuwa natazama washa ikianza kuwa nyekundu.

Pikap ikawaka na kunguruma kama imetoka dukani. Nilipogeuka nipongezwe, mjomba na wazee walikuwa wanaaga. Mzee akanishukuru kwa adabu kabisa, akaniita fundi. Chakula changu kikaletwa nje, kwenye gogo, sahani moja na yule fundi wa Homa Bay. Tulikula bila kutazamana.

Tulipomaliza, msichana ndiye aliyeleta maji ya kunawa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungeiacha igonge leo tu," akasema, "ungekufa?"

Nilipaswa kudanganya. Badala yake nililipima swali lile kama swali la kifundi, nikajibu, "Ile sauti? Nisingeweza kukaa nayo."

"Basi oa hiyo pikap."

Akamimina maji yote yaliyobaki kwenye mikono yangu, akarudi ndani. Sikunawishwa naye tena.