Baiskeli Kando ya Geti la Soko

Ofisini kwetu kazi ya kuchora maegesho ya baiskeli na bodaboda mbele ya soko iliniangukia mimi, maana wenzangu waliiona ya kitoto. Niliipokea kwa mikono miwili. Mama yangu huja sokoni kutoka kijiji cha Ziwani kwa baiskeli, gunia la mihogo limefungwa nyuma. Upande wa geti umejaa pikipiki, kwa hiyo huegesha ng'ambo, kisha anavuka barabara ya malori na mzigo kichwani. Mwaka juzi alianguka katikati ya barabara. Lori likafunga breki, mihogo ikatapakaa, yeye akainuka anacheka. Mimi sikucheka.

Basi nikachora: baiskeli kando ya geti, bodaboda zisogee mbele kidogo. Nikaenda na chokaa kupiga mistari ya majaribio.

Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda ni mtani wangu. Kabila lake na langu yametaniana tangu enzi za mababu, na mtani akikutukana hadharani hununi, unamrudishia. Akaninyang'anya tepu ya kupimia, akainyanyua juu.

"Mnaona? Limekuja kunipimia kaburi!"

"Kaburi lako lipimwe la nini? Mfupi hivyo, tutakukunja."

"Hapa labda unitoe maiti. Na wewe tutalala wote humo."

Madereva wake wakaangua kicheko. Akanirudishia tepu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pikipiki atazisogeza, yeye naye ana mama.

Lakini mkuu wangu wa kazi alikuwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa. Ni mtu mwema, mgeni kwetu, kahamishiwa Mtwara majuzi tu. Hakujua kwamba sisi ni watani. Alichoona ni mfanyakazi wake kanyang'anywa kifaa na kutishiwa kifo.

"Sitaki mtu afe kwa ajili ya baiskeli," aliniambia ofisini.

"Mkuu, yule ananitania."

"Utani gani wa maiti? Usimwogope, sema ukweli."

Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyonihurumia. Kwenye mchoro akahamishia baiskeli ng'ambo, akasaini. Nilikwenda kulia chooni, na yalikuwa machozi ya hasira.

Nilipomsimulia mwenyekiti, hakutania hata neno moja. Alivaa shati lake la Ijumaa, akaenda mwenyewe kueleza. Mkuu alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akamshukuru kwa kuomba radhi. Hapo nikajua imekwisha.

Vibao vimeshasimikwa: bodaboda getini, baiskeli ng'ambo. Ila kando ya geti pana nafasi ambayo madereva wa kijiwe hawaegeshi, na hapo ndipo mama anapoegesha. Hakuna aliyeiandika popote.

Juzi nilimkuta mama amefika, kashikilia usukani, na kwenye nafasi ile dereva mgeni kaegesha pikipiki yake. Mwenyekiti alikuwa akimfokea.

"Toa hiyo pikipiki. Toa sasa hivi, kabla sijakutoa maiti."

Nikaanza kucheka, kwa mazoea. Kisha nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.