Kitanzi cha Masanja Kimeshika

Mashoga zangu, leo nimejikosesha mtoto kwa mdomo wangu!

Nilifika mgodini kumchukua Masanja wangu, mkataba wake umekwisha.

Nikamkuta nyapara anatundika mawe kupima vitanzi walivyotengeneza vibarua kwenye kamba za kushushia watu shimoni. Kitanzi cha kwanza kikafumuka kwa mawe tu.

Ningenyamazaje?

"Baba, pima cha mwanangu! Yeye hafungi fundo. Anaachanisha nyuzi, anazisukia ndani ya kamba yenyewe!"

Wakatundika mawe, wakaongeza. Hakikusogea hata kidogo. Vigelegele nilivyopiga, jamani!

Nyapara akacheka. "Mama Masanja, umezaa fundi. Kipande chake cha kazi sikiachii, na bila hicho hapiti getini. Haondoki huyu."

Masanja akasema polepole, "Mayu, ungenyamaza."

Niko nje ya uzio na michembe, viazi vikavu nilivyombebea ale njiani.

Nyie mngenyamaza?